Pima samaki mzima kabla ya kununua kifaranga: jinsi ya kuchagua siklidi mkubwa wa tangi la nyumbani

Nimekulia Kibirizi, Kigoma. Baba yangu alikuwa akivua dagaa na mgebuka usiku kwa taa za karabai, na alfajiri mitumbwi inaporudi sisi watoto tulikuwa tayari tumesimama majini. Mara mojamoja alikuja na kuhe. Nilikuwa nampitisha vidole kwenye mashavu na kumbeba hadi nyumbani, mkia wake ukiburuta mchangani. Kuhe ni siklidi, ukoo mmoja na sato, perege na furu wa Ziwa Victoria, na anaweza kufika sentimita 80. Ninamtaja mapema kwa sababu huyo samaki wa kuburuta mkia naye aliwahi kuwa kifaranga cha kuenea kwenye kijiko.

Mwaka 2016, nikiwa tayari naishi Dar es Salaam, ghorofa ya pili huko Sinza, nilinunua Oscar watatu, nao ni siklidi. Kila mmoja alikuwa na sentimita 5 hivi, weusi wenye madoa ya machungwa, wazuri mno. Tangi langu lilikuwa na urefu wa sentimita 80, upana 35 na kina 40. Muuzaji aliniambia, "Dada, usiwe na wasiwasi, samaki hukua kulingana na tangi lake." Nilimwamini. Baada ya miezi saba walikuwa na sentimita 20 kila mmoja na walikuwa hawawezi kugeuka bila kukunja mkia kwenye kioo. Mmoja alianza kutoboka vishimo kichwani. Mwingine alikufa usiku umeme ulipokatika. Wawili waliobaki niliwapeleka kwa mtu mwenye bwawa la zege lenye pampu, na tangi likakaa tupu miezi minne.

Hayo maneno ya "hukua kulingana na tangi" bado yanasemwa madukani, na yanaua samaki wengi. Samaki hadumai kwa kuheshimu kioo. Hudumazwa na maji yaliyojaa uchafu wake mwenyewe, huku mwili ukipinda na maradhi yakimwingia. Oscar anaweza kuishi miaka 10 na zaidi akitunzwa vizuri. Yule wangu aliishi miezi saba.

Futi kamba kwanza, duka baadaye

Chukua futi kamba na karatasi. Andika urefu, upana na kimo cha tangi kwa sentimita, zidisha vyote vitatu, kisha gawanya kwa 1,000. Hapo umepata lita. Tangi la 120 kwa 50 kwa 50 ni lita 300. Ondoa asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya mchanga, mawe na ile nafasi ya juu usiyoijaza, kwa hiyo maji halisi ni kama lita 260.

Lakini lita peke yake zinadanganya. Tangi refu kwenda juu linaweza kuwa na lita nyingi na likamfaa vibaya siklidi, kwa sababu siklidi wengi wakubwa huishi karibu na sakafu. Wanachimba mchanga, wanachagua jiwe lao, wanalinda eneo lao. Kwao eneo ni sakafu. Kwa hiyo mimi hutazama urefu na upana kabla ya kitu kingine chochote, na kipimo ninachokitumia ni hiki: upana wa tangi usipungue mara moja na nusu ya urefu wa samaki aliyekomaa, na urefu wa tangi usipungue mara nne ya urefu wake. Hicho ni kiwango cha chini kwa samaki mmoja. Kundi linahitaji zaidi.

Jaribu kwa kuhe. Sentimita 80 mara moja na nusu ni 120, mara nne ni 320. Ukiweka kimo cha mita moja, tangi hilo linabeba lita 3,840, karibu tani nne za maji. Chumba changu cha kulala kina urefu wa mita 3. Kuhe abaki ziwani, na kwenye sahani.

Jambo la pili ambalo futi kamba haikuonyeshi ni unene. Samaki akirefuka mara sita, kutoka sentimita 5 hadi 30, hakui mara sita kwa uzito. Ananenepa pia kwa upana na kwa kimo, kwa hiyo uzito wake unazidishwa kwa sita mara sita mara sita, yaani kama mara 216. Chakula na kinyesi vinafuata uzito. Wale Oscar watatu hawakunijazia nafasi tu, walinijazia sumu.

Hesabu ndoo zako

Hili ndilo swali ninalomuuliza kila anayekuja kwangu kutaka samaki mkubwa: nyumbani kwako maji yanatoka mara ngapi kwa wiki?

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wanaoishi kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo ni nafuu lakini hujikusanya. Nitrati huwezi kuiondoa kirahisi isipokuwa kwa kubadilisha maji. Kwa siklidi mkubwa mimi hubadilisha theluthi moja kila wiki. Kwenye tangi la lita 300 hiyo ni lita 100, ndoo tano za lita 20. Kwenye tangi la lita 540 ni lita 180, ndoo tisa. Unazitoa, halafu unaingiza nyingine tisa. Ukikaa ghorofani na mpira wa maji haufiki, ni ngazi hizo. Kama mtaa wenu una mgao, unahitaji simtanki au mapipa ya akiba, maana samaki hangojei zamu ya maji.

Maji ya bomba yana klorini. Mimi huyaacha kwenye pipa wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikipuliza ndani yake, na wiki nikiwa na haraka natumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima Dar mara nyingi ni mazito kwa chokaa na pengine yana chumvi. Yaonje. Yakiwa na ladha ya chumvi, usiyatumie.

Kama jibu lako ni ndoo mbili kwa wiki, chagua samaki mdogo na uwe na amani naye. Ninasema hivi kwa moyo wote. Akara wa bluu, anayekomaa kwenye sentimita 15 hivi, ni siklidi kamili mwenye macho ya kukufuata chumbani, na tangi la 90 kwa 40 kwa 45 linamtosha na mwenzake.

Samaki kwa tangi

Tangi la 120 kwa 50 kwa 50 ndipo siklidi wakubwa wanapoanzia. Kwa tangi hilo chaguo langu la kwanza ni severum. Anatoka mabonde ya Amazon, ana umbo la sahani, anafika sentimita 20, na kwa samaki wa ukubwa huo ni mpole. Wawili wanakaa vizuri humo. Atakula mimea yako yote, kwa hiyo usihangaike na mimea. Weka magogo na mawe.

Jack Dempsey naye anaingia humo. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, anafika kati ya sentimita 20 na 25, na alipewa jina la bondia wa Marekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926. Jina linamstahili. Mweke mmoja peke yake, au dume na jike waliokwisha kuchaguana, bila mwingine yeyote. Wakitaga, tangi zima ni lao, na hakuna pembe ya kumficha mgeni.

Oscar mmoja anaweza kuishi kwenye lita 300, lakini hapo amefika ukutani. Anakomaa kati ya sentimita 30 na 35. Kwa kipimo changu samaki wa sentimita 32 anataka upana wa 48 na urefu wa 128, na tangi letu lina 120. Nikiulizwa, nasema tangi la Oscar liwe la 150 kwa 60. Katika miezi ya kwanza huongezeka kama sentimita mbili na nusu kila mwezi, kwa hiyo ile ahadi ya "nitamnunulia tangi kubwa baadaye" ina miezi sita tu. Fedha za tangi kubwa ziwe mkononi siku unapomnunua yeye.

Flawahoni, yule mwekundu mwenye nundu kubwa anayependwa sana mitandaoni, ni chotara aliyetengenezwa Malaysia miaka ya 1990. Anafika sentimita 30, anapigana na kila kinachotikisika, hata mkono wako. Huishi peke yake maisha yake yote. Wapo wanaompenda, na lita zake ni zile za Oscar. Mimi sijawahi kumfuga na sitamfuga, kwa sababu ninachokipenda kwa siklidi ni namna wanavyoishi pamoja.

Kutoka Ziwa Nyasa yuko Nimbochromis livingstonii, ambaye wavuvi wa huko humwita kaligono, yaani mlalaji. Ana sentimita 25, mwili wenye mabaka kama mzoga unaooza. Hulala ubavu mchangani asitikisike, samaki wadogo wakija kumdonoa anawadaka. Dume husumbua majike mno, kwa hiyo anahitaji majike kadhaa na tangi lisilopungua urefu wa 180. Wengi humnunua akiwa mdogo wakamchanganya na samaki wadogo, kisha wanashangaa idadi inapungua kila asubuhi.

Ukiona samaki ameandikwa Parachromis managuensis, mzuri mwenye madoa kama chui, mwache. Anapita sentimita 40 na hana simile.

Frontosa, samaki wa nyumbani kwetu

Sasa nimkaribishe ninayemfuga. Frontosa anatoka Ziwa Tanganyika peke yake, hapatikani pengine popote duniani. Ana mistari myeusi iliyosimama juu ya mwili wa buluu na nyeupe, na dume akikomaa huota nundu kwenye paji la uso kama ya ng'ombe. Wa upande wa Kigoma hutambulika kwa mistari saba, wakati wengi wa sehemu nyingine za ziwa wana sita. Miaka yote niliyoishi Kibirizi sikumjua, kwa sababu hukaa kwenye miamba ya kina kirefu, mita 20, 30 na zaidi, huko nyavu zetu za dagaa hazikuwa na kazi. Nilimwona kwanza kwenye tangi, nikiwa mtu mzima, Dar.

Dume anafika sentimita 30 au zaidi kidogo, jike huwa mdogo kwake. Ni samaki wa kundi, na dume mmoja anafaa kukaa na majike wanne hadi sita. Kwa kundi hilo anza na 150 kwa 60 kwa 60, lita 540. Unaona kwamba kwa urefu wa mwili ni ndugu wa Oscar, lakini sita wanakaa pamoja mahali ambapo Oscar sita wangeangamia. Sababu ni tabia na mwendo. Frontosa ni mtulivu. Ziwani huwinda kunapokucha, akipita polepole kwenye makundi ya samaki wadogo ambao bado wamezubaa, mchana hupumzika. Hakui kwa pupa pia. Huchukua miaka mitatu au minne kufikia umbo lake, kwa hiyo vifaranga sita vya sentimita 5 vinaweza kuanza kwenye tangi la 120 na bado ukawa na mwaka mzima na zaidi wa kujiandaa. Huyo peke yake ndiye ninayekubali "nitamhamisha" yake.

Maji yake ndiyo sharti. Maji ya Ziwa Tanganyika ni mazito na pH yake, yaani kipimo cha tindikali ya maji, ni kati ya 8.6 na 9 hivi. Tangini mimi hushika 8.2 hadi 8.6. Nilitandika mchanga, nikajenga miamba ya mawe ya chokaa yanayotoka Wazo, yale yale ya kutengenezea saruji. Ukitaka kujua kama jiwe ni la chokaa, lidondoshee siki kali. Likitoa povu, linafaa, litazuia pH isishuke. Kumbuka lakini kwamba pH ikiwa juu, amonia inakuwa na sumu zaidi, kwa hiyo chujio la frontosa haliruhusiwi kuwa dogo.

Joto ni shida ya Dar. Frontosa anapenda nyuzi 24 hadi 27, na mwezi wa pili maji ya sebuleni yanafika 29 au 30. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, na mfuniko wa wavu badala ya kioo husaidia. Maji hupungua haraka kwa njia hii, jazia kila siku kwa yaliyotolewa klorini.

Akitaga, jike hubeba mayai mdomoni kwa wiki nne hadi tano. Koo linavimba, anajitenga pembeni. Usimsumbue, usihamishe jiwe lolote wiki hizo.

Tafuta waliozaliwa matangini. Aliyetolewa kina kirefu huvimba kibofu chake cha hewa akipandishwa upesi, na wazamiaji wanaojua kazi humpandisha kwa hatua, siku kadhaa. Asiyejua hatua hizo anakuuzia samaki aliyeumia ndani. Tena ukamataji wa samaki wa mapambo una leseni yake, na mwenye leseni haoni tabu kukuonyesha.

Sakafu, kioo na umeme

Lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 540 lenye kioo cha milimita 12 lina kama kilo 100 za kioo kitupu. Ongeza maji, mchanga na mawe, unapita kilo 700 bila meza yake. Ndiyo maana tulipohamia Tabata nilimwambia mume wangu sitaki nyumba isiyo ya chini. Kama upo ghorofani, usipite lita 300 bila kumuuliza mtu anayejua jengo, na liweke kando ya ukuta unaobeba nyumba, kamwe si katikati ya chumba.

Fundi vioo wa kwanza aliniambia, "Mama, milimita sita inatosha kabisa." Kwa lile tangi la zamani la kimo cha 40, sawa. Kwa kimo cha 50 nataka milimita 10, kwa 60 nataka 12. Silikoni iwe ya matangi, isiyo na dawa ya kuvu, na iachwe ikauke wiki nzima kabla ya maji. Chini ya tangi laza foma, ili mchanga mmoja mdogo usije ukapasua kioo. Na pima mlango wako! Tangi la upana wa 60 lilipita kwetu kwa kung'oa mlango wa mbele.

Pampu ya chujio izungushe maji yote mara nne au tano kwa saa. Kwa lita 300 ni pampu ya lita 1,200 hadi 1,500 kwa saa. Washa chujio na ulilishe amonia kidogo wiki nne hadi sita bila samaki, ili wale bakteria wazaliane, ukipima maji, hadi amonia na nitriti zisomeke sifuri. Subira hiyo ndiyo ngumu kuliko yote. Pampu ya hewa ya betri iwe kwenye droo, imechajiwa. Umeme ukikatika usiku, samaki mkubwa ndiye wa kwanza kukosa pumzi, na maji ya moto yana hewa kidogo.

Siku ya kununua

Nenda mchana, mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Asiyekuja kula, mwache. Tazama kichwani kama kuna vishimo, tazama tumbo lisiwe limebonyea, tazama macho: jicho kubwa kwenye mwili mdogo ni alama ya samaki aliyedumaa, ana umri mkubwa kuliko anavyoonekana. Uliza anakomaa sentimita ngapi. Ukijibiwa "inategemea tangi", nenda duka lingine.

Na kama uliyenaye tayari amekushinda, mrudishe dukani au mpe mwenye nafasi, kama nilivyofanya. Usimwache mto Msimbazi, wala bwawa la jirani linalomwaga mtoni, wala ziwa lolote, hata Tanganyika. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu hazikuonekana tena.

Kwangu leo kuna dume mmoja na majike watano. Jike wa mistari iliyofifia ana mayai mdomoni, hii ni wiki ya tatu. Jumamosi nitabadilisha ndoo tisa, polepole, kwa mpira mwembamba, upande wa mbali na jiwe lake.